MATEMBEZI YA KWANZA BAADA YA BARIDI: TUNAKWENDA KWA MWENDO WA NANI?

Somo la familia na la vikundi



Hapa Nakuru hatuna theluji, lakini baridi yetu tunaijua. Masika huanza Machi au Aprili. Yakipungua, Juni na Julai zinaingia na mawingu mazito, na asubuhi mtoto hataki kutoka kitandani. Agosti nayo huleta mvua nyingine, hasa upande wa Njoro, Molo na Bahati. Kwa miezi mitano hivi familia nyingi zinaishi ndani. Madirisha yamefungwa, jiko liko katikati ya chumba, nguo hazikauki, na kila mtu ana kikohozi chake.

Halafu siku moja, Agosti ikiisha au Septemba ikianza, jua linatoka sawasawa. Watoto wanacheza nje mpaka jioni. Na mtu mmoja nyumbani anasema, "Kwa nini Jumamosi tusipande Menengai sote?"

Hilo ni wazo zuri, na somo letu la leo linahusu wazo hilo. Lengo lake ni kusaidia familia itoke, ifike na irudi salama, na irudi ikiwa imeelewana zaidi kuliko ilivyoondoka. Somo linaweza kusomwa nyumbani, katika jumuiya ndogo ndogo, katika kikundi cha kina mama au cha vijana. Maswali ya kujadiliana yako mwishoni.

1. TUNATOKA KATIKA HALI GANI?

Kabla ya kuuliza tunakwenda wapi, tuulize tunatoka wapi. Mwili uliokaa ndani miezi mitano si ule wa Januari. Magoti ya nyanya yamekakamaa. Mtoto aliyekuwa na homa ya mapafu Julai anaonekana amepona, lakini pumzi yake bado fupi. Baba anayeshinda amekaa kwenye matatu au dukani anadhani ana nguvu za ujana wake. Hata viatu vimebadilika: raba zilizomtosha mtoto Machi sasa zinambana vidole.

Tusisahau pia moshi. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na kila msimu wa baridi hewa hiyo inaua watu humu nchini. Hata pale isipoua, moshi unachokoza mapafu ya watoto wadogo na ya mama anayepika. Kwa hiyo kutoka nje si anasa ya watu wenye magari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na mtu mzima angalau dakika 150 kwa wiki. Kutembea kwa haraka kunahesabiwa, na hakuna ada ya kulipa.

Faida nyingine haipimwi kwa dakika. Katika kazi yetu ya kutembelea nyumba tumeona mara nyingi kwamba watu wa nyumba moja wanaweza kukaa msimu mzima bila kuzungumza. Wanaagizana tu: leta maji, zima taa, weka simu chini. Lakini watu wanaotembea bega kwa bega, macho yakiwa mbele, husema mambo ambayo hawangeyasema wakitazamana mezani. Kijana aliyenyamaza tangu matokeo ya mtihani yatoke anaweza kuanza kuongea akiwa njiani.

2. HESABU YA SAFARI

Wengi huiona Menengai kila siku na kudhani ni karibu. "Si ni hapo tu?" Basi tupige hesabu.

Kutoka katikati ya jiji hadi ukingo wa kreta, mahali watu wanaposimama kutazama, ni kilomita kama 8. Jiji liko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na sehemu ya juu ya Menengai ni mita 2,278. Maana yake tunapanda zaidi ya mita 400.

Mwaka 1892 mpanda milima mmoja wa Scotland, William Naismith, alitoa kanuni ambayo bado inatumika: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa kanuni hiyo, safari yetu inachukua saa mbili na dakika 20. Lakini Naismith alikuwa akimfikiria mtu mzima, mzima wa mwili, asiyesimama. Hakumfikiria mtoto wa miaka saba anayeokota mawe, wala nyanya mwenye fimbo. Kwa familia, ongeza nusu yake au zaidi. Tuseme saa tatu na nusu hadi nne.

Kwa hiyo mkiondoka saa mbili asubuhi, mtafika karibu saa sita. Mkipumzika na kula kwa saa moja, saa saba mnaanza kuteremka, na saa kumi mko nyumbani. Kwetu hapa karibu na ikweta, jua linatua kama saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na giza linaingia upesi. Tena mvua za Bonde la Ufa hupenda kunyesha alasiri. Kwa hiyo wekeni saa ya kugeuka, nayo ni saa saba kamili. Saa hiyo ikifika mnageuka, hata kama ukingo umebaki hatua mia mbili. Kreta haitahama.

Nyanya au mtoto mdogo akiwa hawezi kutembea njia yote, kuna barabara. Wapande gari au boda boda sehemu ya kwanza na kumalizia kwa miguu. Hiyo si aibu, ni mpango mzuri.

3. MWENDO WA ALIYE NYUMA

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Tuchukue mfano wa familia ya watu sita: baba, mama, nyanya, msichana wa miaka kumi na mitano, mvulana wa miaka kumi na wa mwisho wa miaka saba.

Wanaondoka kwa furaha. Baada ya nusu saa, baba na msichana wako mbele. Yule wa miaka kumi anakimbia awafikie. Mama yuko katikati, anatazama mbele na nyuma kama mtu anayevuka barabara. Nyuma kabisa ni nyanya na yule mdogo.

Baba akiona wamebaki, anasimama kuwangoja. Anapumzika, anakunywa maji. Wale wa nyuma wanapofika, wanahema, yeye anasema, "Haya, twendeni," na kuondoka. Angalieni kilichotokea. Mwenye nguvu amepumzika dakika kumi, na mchovu hakupata hata moja. Hili likirudiwa mara tano, aliye nyuma anaanza kunyamaza.

Mtoto anasema, "Baba, viatu vinaniuma."

Baba anajibu, "Wewe ni mwanaume. Songa."

Kuanzia hapo mtoto hatasema tena. Hatasema kiatu kimemchubua, hatasema ana kiu, hatasema anaona kizunguzungu. Mtoto asiyesema ndiye anayeanguka. Nyanya naye hatasema, kwa sababu hataki kuwaharibia watoto siku yao.

Hebu tuipange upya familia hii. Mbele aende aliye mwepesi kuchoka, yaani nyanya na yule mdogo. Wao ndio wanaochagua hatua. Nyuma kabisa awe mtu mzima mwenye nguvu, ndiye baba, ili kila mtu awe mbele ya macho yake. Msichana apewe saa atangaze mapumziko: dakika tano kwa kila dakika thelathini, na mapumziko yanahesabiwa tangu mtu wa mwisho alipoketi. Na kabla ya kutoka nyumbani, familia ikubaliane sheria moja: mtu yeyote, hata mdogo kuliko wote, akisema "tusimame", wote wanasimama, na hakuna kumcheka.

Sasa mtoto anasema, "Baba, viatu vinaniuma."

"Haya, kaa hapa tuangalie. Mama watoto, ile plasta iko wapi?"

Dakika tatu zimetumika, na safari nzima imeokoka.

Wazee walisema mwenda pole hajikwai. Sisi tunaongeza kwamba anayekwenda pole na wenzake hafiki peke yake. Jambo hili haliishii mlimani. Katika chama cha akiba, kiasi cha mchango kikiwekwa na wale wenye mshahara, mama anayeuza sukuma wiki atatoa mara mbili, mara tatu, kisha ataacha kuja mkutanoni. Tutasema "huyo ni mvivu", kumbe alikuwa nyuma na hakuna aliyegeuka kumwangalia.

4. MVUA USIYOIONA

Kuna sababu nyingine ya kumpa kila mtu ruhusa ya kusema "tusimame". Sababu hiyo ni uhai.

Kusini yetu, karibu na Naivasha, iko hifadhi ya Hell's Gate, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1984. Ndani yake kuna korongo jembamba liitwalo Ol Njorowa, lenye kuta za mawe zilizochongwa na maji. Watu hupenda sana kulitembelea. Aprili 2012 vijana wa kanisa fulani walikuwa humo ndani mafuriko ya ghafla yalipowakuta, na watu 7 walifariki. Tarehe 1 Septemba 2019, siku ya Jumapili, jambo kama hilo lilitokea tena, na watu 7 wakafariki.

Tazameni tarehe hiyo ya pili. Si Aprili, katikati ya masika. Ni Septemba mosi, wakati ule ule tunaposema baridi imekwisha, twende tukatembee.

Mafuriko ya namna hii huwaje? Mvua hainyeshi lazima pale uliposimama. Inanyesha kwenye vilima vya mbali, ambavyo huvioni kwa sababu uko chini kati ya kuta. Ardhi iliyolowa miezi mingi haimezi tena maji, na miamba haimezi kabisa. Maji yote yanateremka kwa vijito vidogo, vijito vinakutana, na vyote vinaingia katika mlango mmoja mwembamba. Chini korongoni mchanga bado ni mkavu, pengine na jua linawaka. Kisha maji yanakuja kwa dakika chache, mekundu, yakibeba magogo na mawe. Maji ya kasi yanayofika magotini yanatosha kumwangusha mtu mzima.

Kwa hiyo tushike mambo haya:

(a) Miezi ya mvua, na wiki zinazofuata, familia isiingie korongoni wala katika mto mkavu, hata kama wenyeji wa siku hiyo wanasema hakuna shida.

(b) Kabla ya kwenda popote, uliza askari wa wanyama au wa msitu kama njia iko wazi. Wakisema imefungwa, imefungwa. Usitafute mtu wa kukupitisha kando.

(c) Tazama mawingu ya mbali kuliko yale ya juu ya kichwa chako.

(d) Ukiona maji yanabadilika rangi au ukisikia mngurumo kama wa lori, panda juu mara moja. Acha mkoba, acha simu, acha viatu.

(e) Mtu mmoja akisema "naogopa, turudi", mrudi. Mara nyingi anayeogopa ameona kitu ambacho wengine hawajakiona, na aibu ndiyo humzuia asiseme.

5. ARDHI BAADA YA MASIKA

Menengai si korongo la maji, lakini nayo ina mambo yake. Udongo wetu una majivu mengi ya volkeno, nayo maji huyachimba kwa urahisi. Machi 2018 ufa mkubwa ulifunguka karibu na Mai Mahiu na kukata barabara ya kwenda Narok. Wakazi wa Kaptembwo na Rhonda wanajua jinsi nyufa zinavyotokea mvua ikizidi. Basi msidhani njia ya Januari bado ipo kama ilivyokuwa. Pale nyasi zimelala au ardhi imezama kidogo, zungukeni.

Kwenye ukingo wa kreta, mkae hatua kumi nyuma, na watoto washikwe mkono. Ukuta huo unateremka mamia ya mita, na udongo uliolowa hubomoka bila kuaga. Picha za simu zipigwe mtu akiwa ameketi, asiwe anarudi kinyumenyume.

Jua likitoka baada ya baridi, nyoka nao hutoka kuota jua. Bafe hulala njiani wala hakimbii. Tembeeni katikati ya njia, na asiketi mtu juu ya jiwe kabla ya kulitazama. Mtu akiumwa, msikate jeraha, msinyonye, msifunge kamba ya kubana. Alazwe atulie, mguu usitikisike, apelekwe hospitalini haraka. Mkisikia radi, ondokeni ukingoni na msijifiche chini ya mti ulio peke yake.

Mwisho, msiende wawili wawili sehemu zilizo kimya. Nyumba mbili tatu zikienda pamoja ni salama zaidi na inapendeza zaidi. Mwacheni mtu nyumbani anayejua mnakopita na saa ya kurudi.

6. TUNABEBA NINI?

Hakuna haja ya kununua vitu vya kitalii. Vinavyohitajika viko nyumbani:

– Maji: lita moja kwa mtoto, lita moja na nusu hadi mbili kwa mtu mzima.
– Chakula kinachokaa: viazi vitamu, nduma, mayai ya kuchemsha, ndizi, chapati, na chai kwenye thermosi.
– Sweta kwa kila mtu, hata kama chini kuna joto. Kule juu huwa baridi zaidi kwa nyuzi mbili au tatu, na upepo unaongeza.
– Kofia au leso ya kichwa. Jua la kwanza baada ya mawingu huchoma.
– Viatu vilivyozoeleka na soksi kavu za akiba. Gamubuti na kandambili zibaki nyumbani. Kiatu kipya kisianze kazi mlimani.
– Plasta, kitambaa safi, dawa za yule mwenye pumu au sukari, na firimbi kwa kila mtoto. Firimbi husikika mbali kuliko sauti.
– Simu moja yenye chaji, iliyozimwa mpaka ihitajike.
– Mfuko wa takataka. Tulichopanda nacho tunashuka nacho.

Mtoto abebe maji yake na sweta yake tu. Mtu akiharisha au kutapika njiani, maji safi lita moja yenye vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi yatamsaidia mpaka afike zahanati.

7. MKIFIKA JUU, TAZAMENI

Wengi hufika, hupiga picha na kushuka. Hiyo ni hasara. Kaeni chini mtazame, na wazee waseme wanachokijua.

Tazameni ndani ya kreta, yenye kilomita kama 12 kwa 8. Hapo palikuwa na mlima wa volkeno. Ulitapika moto mpaka ukabaki mtupu ndani, kisha paa lake likaporomoka. Moto haujaisha: ule mvuke mnaouona ndio uliofanya serikali kuanza kuchimba visima mwaka 2011, na mwaka 2023 mtambo wa kwanza wa hapo ukaanza kutoa umeme.

Geukeni kusini mwone jiji, na nyuma yake Ziwa Nakuru, hifadhi ya taifa tangu 1968. Waonyesheni watoto miti iliyokufa kandokando ya maji. Tangu mwaka 2010 hivi ziwa limepanda, likameza migunga na lango la zamani, na kufikia nyumba za watu huko Mwariki. Ndege wa flamingo wengi walihamia Ziwa Bogoria. Magharibi ni Mau, kunakotoka mito inayolilisha ziwa. Mtoto aliyeviona vyote kwa pamoja ataelewa kwa nini mti unaokatwa Mau ni habari ya mtu wa Mwariki. Darasani angeambiwa, lakini hapa ameona.

Na tangu mlipoketi, mwulizeni aliyetembea mbele, nyanya au yule mdogo, ameona nini njiani. Wengine wanyamaze wasikilize.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika familia yetu, ni nani huamua mwendo? Ni nani yuko nyuma na amenyamaza?
2. Ni lini mara ya mwisho mtoto alisema "naogopa" au "naumwa", nasi tulimjibu nini?
3. Je, tunajua majina na simu ya askari wa msitu au wa hifadhi iliyo karibu nasi?
4. Katika kikundi chetu, ni uamuzi gani ulifanywa na walio mbele peke yao? Unaweza kubadilishwa vipi?

KAZI YA KUFANYA

Chagueni Jumamosi moja kabla ya vuli kuanza Oktoba. Wiki moja mbele, tembeeni pamoja dakika 40 mtaani, mjue ni nani atatembea mbele na ni viatu vya nani vinabana. Andikeni kwenye karatasi saa ya kuondoka, saa ya kugeuka na jina la mtu atakayebaki na habari zenu. Karatasi hiyo ibandikwe mlangoni, mahali ambapo hata yule mdogo anaweza kuisoma.